Toba na Mlango wa Jirani

Wako watu katika makanisa yetu waulizao swali hili, wengine kwa kinywa, wengine moyoni tu: Ikiwa Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, nami nimekwisha kuungama mbele zake, mwanadamu anidai nini tena? Swali hili si jepesi, wala si jipya. Wayahudi, ambao kwao tumepokea Torati na Manabii, wamelifikiri kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi. Yafaa tuwasikilize.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiebrania toba huitwa teshuva, maana yake kurudi. Neno letu “toba” lilitujia kwa njia ya Kiarabu, na shina lake ni ndugu ya shina la neno hilo la Kiebrania. Basi kila tusemapo “natubu,” twasema “narudi,” hata tusipojua. Na mtu arudiye hasimami mbali akilia kwamba amepotea. Hugeuka, akaishika njia ile ile aliyoijia. Kama katika njia hiyo alimwumiza mtu, hana budi kupita tena mlangoni pake.

Kwa sababu hiyo walimu wa Wayahudi waliyagawa makosa mafungu mawili. Katika Mishna, mafundisho yao yaliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, imefundishwa kwamba Siku ya Upatanisho huondoa makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu; bali yaliyo kati ya mtu na mwenziwe hayaondoki, mpaka amridhishe mwenziwe. Siku hiyo hawali wala hawanywi, tangu jua kutua hata usiku wa siku ya pili. Nayo haishikwi ng’ambo tu. Karibu na Mbale, katika nchi ya Uganda, wako Abayudaya, Waafrika walioifuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoianzisha jamii yao mwaka 1919. Katika utawala wa Idi Amin (1971–1979) ibada yao ilikatazwa, na wengi wakaiacha; lakini wachache waliishika kwa siri, na hata leo wanafunga siku hiyo.

Moses Maimonides, tabibu na mwanachuoni aliyekufa katika Misri mwaka 1204, aliieleza njia hiyo hatua kwa hatua. Mwenye kudhulumu, hata akilipa mali yote, amwendee aliyemdhulumu akamwombe msamaha. Akikataliwa, arudi pamoja na rafiki watatu. Akikataliwa tena, aje mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo amwache, na hatia itamkalia yule aliyekataa kusamehe. Ikiwa mwenye kudhulumiwa amekwisha kufa, mkosaji achukue watu kumi mpaka kaburini, aungame pale, na deni awape warithi. Tena toba kamili hujulikana siku nafasi ile ile ya dhambi inapomjia mtu tena, naye angali na nguvu, akaiacha.

Haya yatugusa sisi tunaokaa Kyela. Mito yetu, Songwe na Kiwira, ikifurika na kupungua, mara nyingine alama za mipaka huwa zimefutika, na mwenye tamaa husogea hatua tano katika shamba la mpunga la mjane. Hakuna amwonaye. Miaka yapita, naye huimba katika kwaya. Kwa mafundisho ya Wayahudi ardhi haiibiki: hata mwizi akiilima miaka mingi, ingali ya mwenyewe. Basi mtu huyu akiungama kanisani asubuhi, na jioni akaenda kupalilia hatua zile tano, amerudi kwa nani?

Pengine msomaji atasema: Mlango huu ni mwembamba mno; nani atautaka? Wayahudi nao waliliona neno hilo. Walihojiana juu ya mtu aliyeiba boriti akaijengea nyumba, kisha akataka kutubu. Wafuasi wa Shamai walisema, nyumba na ibomolewe, boriti irudi yenyewe kwa mwenyewe. Wafuasi wa Hileli walisema, alipe thamani yake, nyumba isimame. Likashikwa neno la Hileli, kusudi wanaotaka kutubu wasizuiwe. Maana mtu akijua kwamba toba itambomolea nyumba na kuwaacha watoto wake nje, atanyamaza hata kufa. Hapa twaiona rehema ilivyo. Haikulifuta deni la boriti. Ililifanya liweze kulipika.

Kwa hiyo aliyekosewa naye ana kazi yake. Akimbomoa kila anayekuja kuungama, akimtangaza sokoni na kumkumbusha kosa lake kila msiba na kila arusi, yeye ndiye anayeifunga njia. Baba zetu Wanyakyusa walilijua jambo lililo karibu na hili. Monica Wilson, aliyekaa kwao katika miaka ya 1930, aliandika jinsi jamaa wenye kinyongo walivyotakiwa kuisema hasira yao waziwazi katika matambiko, na kupuliza maji kwa kinywa, kuwa ishara kwamba moyo umetua. Waliona kwamba hasira iliyofichwa huharibu maombi.

Yuko atakayejibu: Sisi Wakristo deni letu limekwisha kulipwa msalabani. Ni kweli, nasi twaishi kwa neno hilo. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alimwamuru mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Na Zakayo, rehema ilipoingia nyumbani mwake, aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Hakuinunua rehema kwa fedha ile; bali rehema ndiyo iliyoufungua mkono wake.

Rabi Eliezeri aliwafundisha wanafunzi wake kutubu siku moja kabla ya kufa kwao. Wakamwuliza, mtu atajuaje siku yake? Akawaonyesha kwamba ndiyo sababu ya kutubu leo. Basi, ndugu msomaji, kama liko shamba, au deni, au neno ulilolinena juu ya mtu, usingoje mavuno. Mjane yu hai, na njia ya kwake unaijua.