Jeraha Lisikudumaze

Huku Makwale anayejua kuvuna kokoa halivuti tunda. Hukata kikonyo kwa kisu kikali, akilinda gome. Maua ya mti huu hutoka kwenye shina na matawi, na pale palipozaa mwaka huu ndipo patakapozaa tena. Gome likijeruhiwa, ugonjwa hupata mlango.

Mmea hauna macho wala mishipa ya fahamu, lakini hujua umeumizwa. Kila seli yake imezungukwa na ukuta wenye nyuzi za selulosi. Ukuta ukipasuka, au ukungu ukianza kuumeng'enya, vipande vyake vyenyewe huwa taarifa. Protini zilizo kwenye utando wa seli huipokea, kalisiamu huingia ndani, na seli huanza kuimarisha palipoumia. Je, wewe ukiumizwa, humwambia nani?

Mwaka 2007 watafiti nchini Ufaransa walieleza jambo linalonifikirisha sana. Walichunguza miche ya Arabidopsis, mmea wa jamii ya kabichi, iliyodumaa kwa kupungukiwa na selulosi. Ilipokosa protini moja inayohisi hali ya ukuta, waliyoiita Theseus, miche ilirefuka zaidi, ingawa selulosi ilibaki pungufu vilevile. Kumbe udhaifu wa ukuta haukuwa sababu pekee ya kudumaa. Mmea wenyewe ulikuwa umejizuia.

Kujizuia huko si kosa, ni ulinzi. Aliyeumizwa na ndugu, mwenzi au jirani ana haki ya kusimama kwanza, apumue, atafute msaada. Lakini miaka ikishapita, tujiulize taratibu: kinachonizuia leo ni jeraha lenyewe, au ni tahadhari niliyoizoea? Pengine aliyekukosea amekwisha kusahau, nawe bado unazunguka njia ndefu kukwepa nyumba yake.

Kusamehe si kusema haikuuma, wala si kumrudishia kisu aliyekukata. Ni kuuruhusu moyo ukue tena. Yusufu aliwatambua ndugu zake kule Misri, akawapima kwanza, kisha akalia nao na kuwalisha. Tahadhari yake haikuua upendo wake.

Wiki hii mtaje mtu mmoja mbele za Mungu kwa jina lake. Kama huna nguvu ya kumwombea mengi, mwombee riziki ya leo tu. Kesho mwombee tena.