Dawa Zilezile, Mwanangu

Kaa, mwanangu. Ugali bado uko jikoni. Umeniambia unataka kusomea dawa za mchochota, na kwamba unataka kumaliza upesi. Nami nilikuwa na haraka hiyohiyo nilipoondoka Iringa na sanduku moja.

Mchochota unaujua tayari. Umewahi kuchomwa na mwiba shambani, kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikapata moto, kikauma. Ujana wangu nilitaka kuuzima tu. Kumbe pale mwili uko kazini: damu inajaa palipoumia, chembechembe za kinga zinafika, uchafu unaondolewa. Balaa huja kazi hiyo isipokoma. Mwaka 2020, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza mchochota, inaokoa wagonjwa wa Uviko waliozidiwa hadi kuwekewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Dawa ile ile, wakati tofauti.

Maabara, kipimo chetu cha dawa za mchochota kilikuwa mguu wa panya. Unauchoma sindano yenye unga utokanao na mwani, mguu unavimba, unaupima saa baada ya saa. Mwaka mmoja bibi wa Kilolo alinipa magome ambayo wao huyachemsha kwa maumivu ya viungo. Panya walionyweshwa maji yake hawakuvimba sana. Nilifurahi mno, mwanangu. Nikakimbia kumpa bibi habari kabla hata sijarudia jaribio. Magome yakaisha. Niliporudi kuomba mengine, bibi alikuwa ameshazikwa. Sikuwa nimekausha tawi wala ua. Sikuwa nimeandika mwezi wala bonde. Mjukuu wake akanionyesha mti aliodhani ndio, nikauchuna, nikapima. Hakuna kitu. Labda haukuwa wenyewe, labda msimu ulikuwa mwingine. Asubuhi moja tu ya kubana tawi kwenye magazeti ingetosha.

Ukifika Mbeya, nenda ukaone kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR. Wao na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini wamewafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu hata baada ya matibabu. Mtu anameza dawa miezi 6, vijidudu vinakufa, anaambiwa amepona. Kisha anashindwa kupanda mlima aliouzoea, maana mchochota umeacha makovu mapafuni. Kumfuata mtu ambaye kila mmoja anasema amepona kunataka miaka na moyo. Kazi hiyo ndiyo ninayokutamania.

Sasa nikwambie kosa linaloniamsha usiku.

Mwaka 1971, huko London, John Vane alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Habari hiyo nimeifundisha hadi naweza kuisema nimefumba macho. Prostaglandini huchochea uvimbe na maumivu gotini, na huulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hazichagui goti likaachwa tumbo. Zinazuia kote.

Nikiyasema hayo darasani, mama yangu alikuwa Tukuyu, magoti yamechoka kwa miaka ya kuchuma chai kwenye miteremko. Alinunua diklofenaki dukani, vidonge vichache vichache, akivimeza alfajiri kabla ya kula ili awahi shamba. Nikipiga simu ananiambia, "Magoti hayajambo, mwanangu, napata dawa." Nashukuru Mungu, nakata simu, narudi kwa panya wangu. Sikumwuliza ni dawa gani.

Alianguka msalani. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Tulimpeleka Mbeya usiku, ukungu umeifunga barabara, akaongezewa damu, Mungu akatuachia. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, "Kumbe ni dawa zilezile unazosomea?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Siku hizi nikifika kwa mtu mzima, awe wa Iringa au wa Rungwe, kabla ya chai naomba aniletee dawa zake zote. Zinakuja zimefungwa kwenye vibahasha, nyingine hazina hata jina. Tunazimwaga mezani, mimi na yeye, tunahesabu kidonge kimoja kimoja.