Habari ni Amana

Habari ni amana. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuipunguza ili ampendeze mkubwa, wala kuizidisha ili awafurahishe wengi. Zamani amana hii ilichukuliwa na mjumbe aendaye kwa miguu. Leo mjumbe huingia sebuleni kwa njia ya runinga. Swali langu kwako, msomaji kijana, ni hili: mjumbe huyu tumwamini kwa sababu gani?

Tazama mitaa ya mashariki ya Nairobi: Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Jumamosi na Jumapili, ifikapo saa moja ya jioni, wengi huketi kungojea taarifa ya habari ya Kiswahili. Mwaka 2018 Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume, walianza kuisoma pamoja taarifa ya mwisho wa juma katika runinga ya Citizen. Watazamaji wakawapenda, wakawaona kama watu wa nyumbani.

Mapenzi hayo si kosa, lakini si ushahidi. Sauti nzuri ni chombo tu, na chombo cha dhahabu chaweza kutiwa maji machungu. Tena msomaji wa habari hakuzikusanya peke yake. Nyuma yake wako waandishi, wapiga picha na wahariri, na yuko mwenye kituo atafutaye faida ya matangazo ya biashara. Basi usiipime habari kwa uso wa aisomaye. Ipime kwa mambo matatu: imetajwa ilikotoka? Aliyelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Na kosa likitokea, husahihishwa waziwazi?

Yuko atakayesema kwamba, kwa kuwa mjumbe aweza kukosea, ni heri afungwe kinywa. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Tarehe 30 Desemba 2007, katika mgogoro wa uchaguzi, serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo mbele ya wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilizimwa. Mahakama Kuu ikaamuru vifunguliwe, na bado amri hiyo haikutiiwa upesi. Sisemi kwamba kimya ndicho kilichowaua watu zaidi ya 1,100 waliokufa katika machafuko yaliyoufuata uchaguzi wa 2007. Nasema kwamba kimya hakikuwaokoa. Mjumbe wa kweli akinyamazishwa, uvumi haunyamazi. Hupita kutoka simu hata simu, bila jina na bila haya.

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina onyo ndani yake. Neno la uongo likirudiwa mara nyingi huweza kulizaa jambo lenyewe, kwa kuwa anayeambiwa kwamba jirani yake ni adui humtendea kama adui, na mwisho humpata adui kweli.

Kwa hiyo amana hii ina washika wawili. Msomaji wa habari asiseme asilolithibitisha, nawe usieneze usilolipima. Mitaani mwetu ukuta mmoja hutenga nyumba mbili, na neno huupita ukuta upesi kuliko moto. Kabla hujalipitisha, mkumbuke aliye upande wa pili.