Maji Ambayo Hayajafika

Ramani ya kawaida huonyesha kilichopo: mto, barabara, kanisa, soko. Ramani ya hatari ya mafuriko huonyesha kisichokuwapo bado, kwa kuwa rangi yake hufunika mitaa iliyo mikavu na nyumba ambazo wenyewe hawajapata kuona maji yakivuka kizingiti. Hapo ndipo huzaliwa swali la kifalsafa: je, maji ambayo hayajafika yanaweza kumfunga mtu kwa wajibu leo, na je, kuyachora mapema ni kujitwalia elimu ambayo waumini wengi humwachia Mungu peke yake? Swali hilo lina uzito wa pekee Likasi, mji wa shaba na kobalti wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966.

Mfumo wa taarifa za kijiografia ni mpangilio wa kompyuta unaounganisha kila taarifa na mahali pake duniani, kisha kuzilaza taarifa hizo tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini kabisa, kwa upande wa mafuriko, ni mwinuko wa ardhi. Mnamo Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada, kwa muda wa siku 11, sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na vipimo hivyo huigawa ardhi katika miraba yenye upande wa mita 30 hivi. Kompyuta hulinganisha kila mraba na ile 8 inayouzunguka, huyaelekeza maji kwenye mteremko mkali zaidi, kisha huhesabu ni miraba mingapi inayomwaga maji yake mahali pamoja. Kwa namna hiyo methali isemayo kwamba maji hufuata mkondo hugeuka kuwa hesabu. Juu ya tabaka hilo huwekwa mvua, aina ya udongo, majengo na misitu, kwa maana mteremko uliokatwa miti ya miombo kwa ajili ya makaa huyaachilia maji upesi kuliko ule ambao bado una mizizi na majani yaliyooza.

Matokeo ya hesabu hiyo hayataji siku wala saa. Wataalamu wanapozungumzia mafuriko ya miaka 100 hawamaanishi kwamba yatangoja karne ipite, bali kwamba kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 100 ya kutokea, kiasi kwamba nyumba itakayokaa bondeni miaka 30 ina nafasi inayozidi robo ya kukutana nayo. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kueleza wakati, akidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa sababu hakuna mtu aliyekwisha kuuishi. Dai hilo limepingwa na wanafalsafa wengine wa Kiafrika, lakini linasaidia kuona ugumu wenyewe. Mvua inayoanza karibu na Novemba ni ya hakika, nayo imo ndani ya Sasa. Mafuriko ambayo hata babu hakuyaona hayana mahali pa kukaa. Hata hivyo, ramani haichoti chochote kutoka wakati ujao. Vipimo vyake vyote ni vya Zamani, na bonde lenyewe limetandazwa na matope ya mafuriko yaliyopita, hivyo kinachoitwa utabiri ni Zamani iliyosomwa kwa makini.

Pingamizi la kidini, kwamba kuyachora maji mapema ni kujitwalia elimu ya Mungu, halina budi kujibiwa kwa lugha ya dini. Tarehe 4 Mei 2023 maji na matope yalipoangukia Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe kando ya Ziwa Kivu, watu zaidi ya 400 walikufa. Msiba wa namna hiyo huwafanya wengi wauite mapenzi au adhabu ya Mungu, ingawa Injili ya Luka inakataa kuwahesabu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wakosaji kuliko wengine. Wala mchora ramani si nabii: Nuhu alipewa muda wa siku 7 kabla ya gharika, ilhali yeye hakupewa siku yoyote. Anafanana zaidi na mlinzi wa kitabu cha Ezekieli, ambaye hadaiwi kwa kuja kwa upanga bali kwa kuuona na kutopiga tarumbeta.

Historia ya Likasi yenyewe inalipa jibu hilo nguvu. Mashariki ya mji, mto Lufira ulizibwa Mwadingusha, na mwaka 1930 bwawa likaanza kutoa umeme kwa viwanda vya shaba vya Union Minière, huku uwanda ukigeuka kuwa Ziwa Tshangalele, lenye kina kifupi na eneo la mamia ya kilomita za mraba. Bwawa haliwezi kubuniwa bila kukadiria kwanza maji yatakomea wapi, maana yake ni kwamba katika nchi hii mstari wa maji yajayo ulikwisha kuchorwa, na kazi hiyo iliitwa uhandisi. Ikiwa iliwezekana kuyahesabu maji kabla hayajafika pale shaba ilipohitaji umeme, basi kusema kwamba maji yatakayoingia nyumbani mwa mkazi wa bondeni ni siri ya Mungu si unyenyekevu wa imani, bali ni uchaguzi kuhusu nani anastahili kuhesabiwa.

Kuhesabiwa huko nako kuna masharti. Mraba wa mita 30 hauoni mtaro ulioziba, na ndiyo sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi na wakazi kupita mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro na majengo. Aliyejenga bondeni mara nyingi alijenga hapo kwa sababu ndipo alipoweza kulipa, hivyo ramani isiyofuatana na kiwanja kingine humfikia kama amri ya kuhama. Vilevile mlinzi wa Ezekieli hutakiwa kupiga tarumbeta isikike na mji mzima; ramani iliyobaki ofisini kwa Kifaransa cha wataalamu, wakati bondeni watu wanaongea Kiswahili, haijampunguzia aliyeichora deni lake.