Umwonye Ndugu Yako Faraghani



Tutoe mfano ambao jamaa nyingi zitautambua. Pana msiba huko Mbuji, Jimbo la Mbinga. Ukoo una kundi lake la WhatsApp: baadhi wako nyumbani, wengine Songea, wengine Dar es Salaam. Orodha ya michango yatolewa, na mbele ya jina la ndugu mmoja hakuna fedha. Mwenziwe aandika kwa hasira kwamba wa mjini wamesahau walikotoka. Huyo ajibu kwa matusi. Mashangazi waingilia, watoto wasoma, na mtu ayapeleka maneno hayo kwa majirani. Jioni marehemu amezikwa, lakini ugomvi ndio kwanza umezaliwa. Wala hakuna aliyempigia ndugu yule kumwuliza kama ni mgonjwa au amekosa kazi.

Hatusemi kwamba simu ni dhambi. Kwa simu hiyohiyo habari ya msiba iliwafikia wote upesi. Wala hatusemi kwamba Mkristu asipingane na mwenziwe. Mtakatifu Paulo alimpinga Mtakatifu Petro huko Antiokia mbele ya watu, kwa kuwa jambo lenyewe liliwagusa watu wote. Lakini alimpinga uso kwa uso, si kwa kumsengenya.

Kosa la ndugu kwa ndugu lina utaratibu wake, nao Bwana wetu ameuweka katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Kwanza mwonye mkiwa wawili tu. Asiposikia, mchukue mtu mmoja au wawili. Mwisho ndipo uliambie Kanisa. Shabaha yake ni kumpata ndugu, si kumshinda. Sisi tumeupindua: twaanza na umati, na faraghani hatufiki kamwe.

Wazee wa Kimatengo waliijua hekima hii. Katika sengu watu wazima wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo ya nyumba zao na kuamua magomvi. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye mkono wake na wako umo katika chakula kimoja. Tena katika miteremko yao walichimba ngoro, yale mashimo yanayoyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Hasira nayo ni mvua ya ghafula: yafaa ipate shimo la kutulia kabla haijachukua udugu wote.

Basi, ukiandika kwa hasira, usitume mpaka kesho. Mpigie mwenzio, umsikie sauti. Kama wewe ndiwe msimamizi wa kundi, wasihi wanaogombana wakutane kando. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yaweza kumwadhibu mkosaji, lakini haiwezi kuwapatanisha ndugu.

Na kwa yule aliyekwisha kutuma? Asidhani kwamba kufuta maneno kwatosha. Kanisa lafundisha kwamba aliyemharibia mwenziwe jina ana wajibu wa kulitengeneza, hata baada ya kusamehewa. Ulimwaibisha mbele ya watu mia? Basi omba radhi mbele ya mia haohao. Ni neno chungu kuliandika. Lakini huenda likawa ndilo neno la kwanza la Kikristu kusomwa katika kundi lile tangu siku ya mazishi.

Mama Maria, Malkia wa Amani, atuombee.