Socrates, Totti na Deni la Kukaa

Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates alikuwa gerezani Athens akiwa na miaka 70, akisubiri siku ya kunyweshwa sumu. Alfajiri moja rafiki yake Crito akamfuata, mipango yote ikiwa tayari. Fedha za kuwanyamazisha watu zilikuwapo, na huko Thesalia, upande wa kaskazini, walikuwapo marafiki wa kumpokea na kumlinda. Socrates akakataa. Plato, aliyeyaandika mazungumzo yale, anatuonyesha mzee huyo akizipa sheria za mji wake sauti ili zimhoji. Umekaa hapa miaka sabini, zinamwambia. Mlango ulikuwa wazi siku zote, wala hukutoka ila kwa safari chache, na karibu zote zilikuwa za vita. Watoto wako umewazalia hapa. Kwa kukaa kwako ulikwisha kutuahidi. Leo uzeeni unataka kutoroka?

Hoja hii hunijia kila dirisha la usajili linapofunguliwa na jina la nahodha wa miaka 34 likaanza kutajwa pamoja na klabu ya mbali. Shabiki aliye jukwaani huenda hajamsoma Plato, lakini anasema yale yale: umekulia hapa, tumekuimba, kitambaa cha unahodha ulikivaa mbele yetu, sasa unakwenda wapi? Ndani ya swali hilo mna wazo zito, kwamba kukaa ni kuahidi. Mtu hasemi neno, hatii saini, lakini miaka inamtilia saini. Naliheshimu wazo hili. Naamini nusu yake ni kweli, na kwamba nusu iliyobaki imewaumiza watu wengi waliotupa furaha kubwa.

Katika zama zetu ni wachache mno waliokaa kama Francesco Totti. Alizaliwa Roma mwaka 1976, akaichezea AS Roma kwa mara ya kwanza Machi 1993 akiwa na miaka 16, na mara ya mwisho tarehe 28 Mei 2017 akiwa na miaka 40. Mechi 786, mabao 307, klabu moja. Real Madrid walimtaka alipokuwa katika ubora wake, hakwenda. Alibeba ubingwa mmoja tu wa Italia, wa mwaka 2001, na hakuonekana kuujutia uchache huo, maana kwa mtoto wa Roma taji moja la nyumbani lilikuwa na uzito ambao mataji ya Madrid yasingekuwa nao. Kama kukaa ni ahadi, huyu aliitimiza hadi tone la mwisho.

Tutazame basi nyumbani kulimtendeaje. Spalletti aliporudi kuifundisha Roma katika msimu wa 2015/16, dakika za Totti zilikauka. Februari 2016 alilalamika kwenye televisheni kwamba anastahili heshima zaidi, na kocha akamwondoa kikosini kabla ya mechi na Palermo. Aprili mwaka huo huo Roma walikuwa nyuma 2-1 nyumbani dhidi ya Torino. Totti aliingizwa dakika ya 86, akafunga mabao mawili, na Roma wakashinda 3-2. Watu waliuchukua usiku ule kuwa uthibitisho kwamba mzee bado yumo. Mimi unanisikitisha kila ninapoukumbuka, kwa sababu mtu mwenye uwezo wa kufanya vile alikuwa amepewa dakika nne. Alikuwa kwao, lakini kazi yake ilikuwa imemhama.

Hata baada ya kutundika daluga mambo hayakutengemaa. Alipewa cheo katika uongozi wa klabu, na Juni 2019 akajiuzulu akisema hakushirikishwa katika maamuzi ya kiufundi. Wamiliki walikuwa Wamarekani, makocha walikuwa wamepita wengi, na wale aliobeba nao ubingwa wa 2001 walikuwa wametawanyika zamani. Sheria za Athens zilipomhoji Socrates zilikuwa, kwa sehemu kubwa, sheria zile zile zilizomlea. Klabu ya mpira haiko hivyo. Inauzwa, inabadilisha mwenyekiti, falsafa ya uchezaji, hata nembo. Mchezaji anaweza kusimama pale pale miaka 25 na klabu ikawa ndiyo iliyohama. Tunamwuliza kwa nini anaondoka nyumbani, wala hatuulizi kama nyumbani kwenyewe bado kupo.

Halafu ahadi ni ya pande mbili. Mchezaji akishavuka miaka 30, klabu nyingi huanza kumsainisha mwaka mmoja mmoja, na kila Mei anasubiri kuambiwa kama anabaki. Huo ni utaratibu wa haki, simlaumu kiongozi anayeupangia bajeti. Lakini huwezi kumpima mtu kila mwaka kwa faida yake, kisha siku anapojipima mwenyewe ukamwita msaliti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na methali hii hutajwa sana kumzuia mtu asiondoke. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma anajua inavyokuwa: fedha zinapachikwa kwenye paji la uso la yule anayecheza, wakati anacheza. Aliyeketi pembeni, hata awe ndiye aliyeichangamsha ngoma jana, hapachikwi kitu. Methali inamwahidi tuzo mchezaji wa kwao, haimwahidi mkaaji wa kwao. Ukimweka nahodha benchi msimu mzima kisha ukamsomea methali hiyo, umemnyima sharti lake la kwanza.

Kuna mwanafalsafa mwingine aliyepambana na swali hili katika mji ule ule. Mwaka 323 kabla ya Kristo, baada ya kifo cha Alexander Mkuu, mwanafunzi wake wa zamani, Athens ilimgeukia Aristotle, aliyekuwa amefundisha pale miaka mingi. Akafungasha, akaenda Chalcis, kwenye mali ya ukoo wa mama yake, na inasimuliwa kwamba alisema hataki Athens itende dhambi ya pili dhidi ya falsafa. Mwaka uliofuata alifariki huko huko. Historia haijamwita mwoga, wala haijamwita Socrates mjinga. Lakini Aristotle hakuwa mwana wa Athens, alizaliwa Stagira. Alikuja kijana, akaufanya mji ule kuwa mahali pa kazi yake, na kazi ilipozuiwa akaibeba na kuondoka nayo.

Ninapomfikiria Andrés Iniesta namwona katika njia hiyo. Kwao ni Fuentealbilla, mji mdogo katika mkoa wa Albacete, na alipelekwa Barcelona akiwa na miaka 12. Aliondoka huko 2018, akiwa na miaka 34, na alieleza mapema kwamba hatakwenda popote atakapolazimika kucheza dhidi ya Barcelona. Kwa hiyo akaiacha Ulaya, akasaini Vissel Kobe ya Japani. Usiku wa mechi yake ya mwisho, tarehe 20 Mei, watu walipokwisha kuondoka alikaa peke yake katikati ya uwanja wa Camp Nou, pekupeku, hadi usiku wa manane. Aliyeona picha ile hawezi kusema kwamba mtu anayeondoka hana mapenzi na anapopaacha.

Nusu ya kweli ya hoja ya mashabiki naiona katika sharti lile alilojiwekea Iniesta. Miaka inazaa deni, sikatai. Mtoto amepewa jina la mchezaji, mzee amekufa akiwa ameshika redio akisubiri bao lake. Vitu hivi havifutwi na tarehe ya mwisho ya mkataba. Ila deni lenyewe linahusu namna ya kuondoka. Linamtaka aseme waziwazi badala ya kuvujisha habari, asiende kwa mtani wa jadi kwa hasira, asiidharau ngazi aliyopandia. Halimtaki abaki. Kukaa kwake jana hakumfungi miguu leo. Kunaufunga ulimi wake na kumdai adabu.

Socrates aliuliza jambo la pili ambalo watu hulisahau, na kwangu ndilo kali zaidi. Huko Thesalia nitafanya nini, aliuliza, zaidi ya kula karamu? Maneno yangu kuhusu haki yatakuwa na thamani gani kule? Mashabiki wetu wana neno lao kwa jambo hilo hilo: anakwenda kula pensheni. Na kweli wapo wanaokwenda kula, wanaonunuliwa kwa ajili ya picha ya utambulisho na tiketi za mechi mbili tatu. Lakini neno hilo tunalitupa ovyo. Iniesta alicheza Kobe miaka mitano, na tarehe 1 Januari 2020 klabu ile ilitwaa Kombe la Mfalme wa Japani, taji lake kubwa la kwanza. Alipoona mwaka 2023 kwamba hata huko dakika zimekwisha, aliondoka tena, akisema bado anataka kucheza. Aliyefuata karamu asingehangaikia dakika.

Na Roger Milla je? Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameondoka Ufaransa na kwenda kucheza kisiwani Réunion, huku huku kwetu Bahari ya Hindi, mahali ambapo wakubwa wa soka hawakutazama. Wangapi walisema ameisha? Rais Paul Biya alimwomba arudi timu ya taifa, na katika Kombe la Dunia la 1990, akiwa na miaka 38, alifunga mabao manne na kuifikisha Kamerun robo fainali. Miaka minne baadaye aliifunga Urusi akiwa na miaka 42, na hakuna aliyemzidi umri katika kufunga bao la Kombe la Dunia la wanaume. Kisiwa kile kidogo kilimpa kitu ambacho klabu kubwa isingempa: mechi ya kucheza kila wiki.

Nadhani kinachotuudhi hasa si kuondoka. Mbwana Samatta alipoiacha Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi hatukumlilia kama msaliti. Alipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akaenda Genk na kuwa bingwa wa Ubelgiji 2019, kisha akafunga bao Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, Mbagala nzima, kwao Dar es Salaam, ilijiona imefunga. Kijana anayeondoka tunamsindikiza kwa vigelegele kwa sababu anapanda. Mkongwe tunamzuia kwa sababu anashuka, na kushuka kwake kunatusomea umri wetu wenyewe. Tulikuwa wanafunzi alipoanza, sasa tuna watoto wa shule. Akibaki, hata benchi, tunaweza kujidanganya kwamba miaka imesimama pamoja naye. Huko ni kumtumia mtu. Tunamwomba awe kumbukumbu yetu wakati yeye bado yu hai na anataka kukimbia.

Ili kumtendea Socrates haki, niongeze kwamba mfano wake hauwezi kubebwa mzima hadi uwanjani. Yeye alikuwa na miaka 70. Alikataa kununua miaka michache kwa gharama ya maisha yote aliyokwisha kuyaishi. Mchezaji anaambiwa amezeeka akiwa na miaka 35, umri ambao daktari bingwa ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa na mkulima yuko kwenye nguvu zake. Ana nusu ya maisha mbele yake. Totti alipoisoma barua yake ya kuaga mbele ya uwanja uliojaa, alikiri kwamba anaogopa, kwamba safari hii hajui kinachomngoja upande wa pili. Yule ni bingwa wa dunia wa 2006, tajiri, kipenzi cha mji mzima, na bado aliogopa. Tangu utotoni siku yake ilipangwa na filimbi. Kesho yake filimbi haipo. Anayeahirisha siku hiyo kwa misimu miwili katika ligi ya mbali hakimbii heshima. Anajizoeza kuwa mtu ambaye barabarani hakuna anayemjua, na huko ni kujifunza kunakohitaji muda.

Crito alimkumbusha Socrates wanawe pia, na Socrates alijua marafiki wangewalea. Mchezaji wa ligi zetu anayemaliza soka bila pensheni, goti likiwa limeharibika, hana Crito. Kwake mkataba wa mwaka mmoja nje ya nchi ni ada ya shule na paa la nyumba, na hakuna falsafa itakayonishawishi kumlaumu kwa hilo.

Kwa hiyo nahodha wako akikuaga, usimwulize kwa nini anaondoka. Mwulize huko aendako atacheza au atakaa. Akisema anakwenda kucheza, au anakwenda kusomesha watoto, msindikize kama ulivyomsindikiza yule kijana wa miaka 18. Na viongozi wa klabu, kabla ya kumpa mkono wa kwaheri, mlipeni malimbikizo yake yote.