Aliyezungusha Ua Akasahau Hesabu

Mfugaji nitakayemsimulia hapa ni wa kutunga, na sitampa jina. Ukame uliomfilisi ni wa kweli. Ulianza vuli ya 2020 ukaendelea mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo, na nchini Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Nimemweka Kajiado kwa sababu hesabu iliyomshinda inaonekana vizuri zaidi huko.

Alikuwa na ekari 300 upande wa Bissil. Zilikuwa za baba yake, aliyezipata ranchi yao ya kikundi ilipogawanywa. Asiyeijua historia hii ajue kwamba sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha Wamaasai wa Kajiado kumiliki ardhi kwa hati za pamoja, na tangu miaka ya 1980 wanachama wakaanza kugawana, kila mmoja na kipande chake. Aliyepata kipande akazungusha ua. Wa kwetu alizungusha wake baada ya ukame wa 2017, kwa mkopo wa benki, hati miliki ikiwa dhamana. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Majirani walikwisha kufunga pande zao, na mifugo ya watu ilikuwa ikimaliza nyasi zake usiku.

Kisha miaka ikawa mizuri kupita kiasi. Masika ya 2018 yalimwaga, vuli ya 2019 ikamwaga zaidi. Ng'ombe wake, machotara wa Boran na Sahiwal, waling'aa. Bucha moja ya Nairobi ikawa inamchukulia maksai wa miaka mitatu na minne, ikawatangazia wateja wake kwamba nyama hii ni ya ng'ombe wa nyasi tupu, hajaonja pumba wala dawa ya kunenepesha. Kundi likafika vichwa 80. Katika nyanda kavu kama zile, ng'ombe mkubwa mmoja huhitaji ekari kumi hivi, na mwaka ukiwa mbaya hazimtoshi. Gawanya mwenyewe. Ardhi ile ilikuwa ya ng'ombe 30, na 50 waliozidi walikuwa wakiishi kwa hisani ya mawingu.

Vuli ya 2020 ilinyesha kidogo ikakatika. Desemba, ng'ombe wakiwa bado na mafuta mgongoni, mwanawe aliyekuwa akisoma chuo alikuja likizo. Akazunguka shamba, akarudi akamwambia, "Papa, tuuze maksai wote na ng'ombe wazee kabla ya Krismasi. Nyasi zilizobaki hazifiki Aprili." Mzee akacheka. Alimjibu mtoto kwa upole kwamba babu wa mzee mwenyewe alivuka ukame wa 1984 kwa sababu alikuwa na ng'ombe wengi. Aliyekuwa na kumi alibaki na mmoja, aliyekuwa na mia alibaki na kumi, na kumi ni mwanzo.

Hapa lazima nisimame, kwa maana wengi husoma jibu hilo kama ujinga wa mfugaji anayependa kuhesabu pembe. Si ujinga. Kwa babu lilikuwa jibu sahihi kabisa. Babu aliposikia kwamba mvua imeonekana kuelekea Chyulu au ng'ambo ya Namanga, alituma vijana wakapeleleze, wakirudi na habari njema kundi linahama. Nyasi zake zilikuwa popote mvua ilipoanguka. Kundi kubwa lenye miguu huru ni bima. Na karibu na boma alikuwa na olopololi, kipande kilichofungwa kwa miiba, kisichoguswa ila na ndama na wagonjwa. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na desturi kama hiyo, wakaiita ngitili. Ilipokaribia kufa, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 uliifufua, na leo mtu akipita sehemu zile anaona majani na miti palipokuwa jangwa. Wazee hao hawakuhitaji kufundishwa kutunza akiba.

Mjukuu alirithi idadi ya babu bila miguu ya babu. Alipofunga geti alifunga ng'ombe ndani pia, na jirani zake wote walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Ng'ombe 80 kwenye ekari 300 zisizo na pa kutokea si bima tena. Ni vinywa 80.

Masika ya 2021 yakapita na manyunyu. Ng'ombe mwenye kilo 280 hula kila siku nyasi kavu karibu kilo saba, yaani asilimia mbili na nusu ya uzito wake. Vichwa 80 ni kilo 560 kwa siku. Robota moja la nyasi lina kilo kumi na tano hivi, kwa hiyo ni marobota 37 kila siku ya Mungu. Tuseme aliyanunua kwa shilingi 300 tu. Hiyo ni shilingi 11,100 kwa siku, 333,000 kwa mwezi. Maksai wake mnene, Desemba ile, angeuzwa 40,000. Kila mwezi wa kuwashibisha wote ungemeza bei ya maksai wanane, na maksai wenyewe walikuwa wakikonda huku wakilishwa, kwa sababu hakuna mfugaji anayeweza kununua shibe kamili kwa miezi mingi. Alinunua nusu. Nusu ya shibe haimnenepeshi ng'ombe wala haimwachi afe mapema. Inamfanya afe akiwa ghali.

Mkewe ndiye aliyekuwa akiandika matumizi nyuma ya kalenda. Mwezi Julai alimwonyesha. Alijibiwa kwamba idara ya hali ya hewa haijasema neno la mwisho.

Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Siku ya mnada iliyofuata mfugaji wetu alipeleka maksai kumi Bissil, na hapo ndipo alipokutana na wenzake wote. Kila aliyekuwa akingoja alikuwa amechoka kungoja wiki ileile. Dalali alimkanda ng'ombe mbavuni, akamwambia, "Mzee, huyu hana nyama, ana ngozi. Nakupa kumi na mbili." Alikataa. Akawarudisha kwa miguu, kilomita zote zile, wakapoteza na kile kidogo walichokuwa nacho. Ni uamuzi huu ninaouona mbaya kuliko wote, kuliko hata kukataa kuuza Desemba. Desemba alikataa bei nzuri kwa matumaini, na matumaini yana heshima yake. Septemba alikataa bei mbaya kwa sababu alikuwa akiikumbuka ile nzuri, lakini soko halina kumbukumbu. Wiki tano baadaye bei ilikuwa elfu tano, na mwishowe hapakuwa na bei.

Bucha ya Nairobi nayo iliacha kupokea simu zake. Nisiwe mkali kwao. Ng'ombe mnene akichinjwa hutoa nyama karibu nusu ya uzito wake. Aliyekonda hushuka mpaka asilimia 40 au chini, na nyama yenyewe huwa nyeusi, kavu, isiyo na mafuta. Mteja aliyezoea kulipia sifa ya nyasi hawezi kulipia njaa ya nyasi. Hili wafugaji wadogo wanaovutiwa na soko la nyama ya malisho walipime kabla ya kuingia: sifa unayouza ni ya msimu, na mnunuzi wa bei ya juu ndiye wa kwanza kukukimbia.

Kufa kwa ng'ombe ndiko kunakopigwa picha. Hasara kubwa zaidi haipigiki picha. Ng'ombe jike aliyekonda hashiki mimba. Mitamba yake kumi na minane iliyokuwa ipandwe 2021 haikupandwa. Ndama wa 2022 hawakuzaliwa. Na kwa kuwa ng'ombe wa nyasi huchukua miaka mitatu hadi minne kufika uzito wa kuchinjwa, maksai ambao wangelipa mkopo mwaka 2025 na 2026 hawakuwahi kuwepo. Ardhi nayo ilitoa hesabu yake. Nyasi ikiliwa mpaka chini mwezi baada ya mwezi, mizizi hufa kwa kukosa majani ya kuilisha. Udongo ukabaki wazi, na mvua iliporudi kilichoota kwanza kilikuwa yale magugu ya jamii ya Ipomoea, ambayo yameshateka sehemu kubwa za Kajiado na ambayo ng'ombe hayataki.

Upande wa mashariki wa ua wake aliishi mjane mwenye ekari 120 na ng'ombe 22. Januari 2021 aliuza 12: maksai wote, ng'ombe wawili wazee, na fahali mmoja mkali aliyekuwa akila bila faida. Alibakiza majike wenye umri wa kuzaa. Wakweze walimsema kwamba anatapanya mali ya marehemu. Fedha aliziweka, nyingine akanunua marobota yakiwa bado rahisi, akayapanga ndani ya nyumba ya mabati badala ya kuweka samani. Nisimpambe: yeye pia alifiwa na ng'ombe wanne, mmoja akiwa na mimba, na mwaka 2022 aliuza mbuzi kulipa karo. Lakini alibaki na majike sita waliosimama kwa miguu yao, na vuli ya 2023, ile ya El Niño, ilipojaza mabonde nyasi, watano walipandwa.

Wa kwetu alibaki na saba. Wanne kati yao waliangushwa na mvua zilizorudi Machi 2023, maana ng'ombe aliyebaki ngozi na mifupa, akinyeshewa usiku kwenye baridi, haamki asubuhi. Kununua wengine hakuweza: nyasi zikirudi kila mtu anatafuta mtamba, na bei hupanda kwa kasi ileile iliyoshuka nayo. Benki ilitaka chake. Aliuza ekari 180, akalipa mkopo wa ua. Ua wenyewe ukaenda na ardhi.

Kama unafuga ndani ya ua, popote ulipo, Kajiado, Longido, Simanjiro au Laikipia, keti na familia yako leo mvua ikiwa bado haijakukatisha tamaa. Andikeni ardhi yenu inabeba ng'ombe wangapi mwaka wa kawaida, na jamaa asije akakuongezea mmoja juu yake kwa jina la undugu. Andikeni tarehe mbili. Ya kwanza iwe katikati ya Desemba: vuli ikiwa haijanyesha vya kutosha, maksai na wazee wapande lori wiki hiyohiyo, kwa bei yoyote itakayokuwepo. Ya pili iwe katikati ya Mei, kwa sharti hilohilo, na safari hii punguzeni hata majike mpaka wabaki wale ambao nyasi mlizo nazo kwa macho zinaweza kuwafikisha Novemba. Mwekeni msimamizi wa tarehe hizo mtu asiyependa ng'ombe sana, mke, binti au kijana aliye chuoni, na siku ikifika neno lake liwe la mwisho. Ukishindwa kukubali sharti hilo, usikope fedha za ua.